Visu Vitatu, Mkono Mmoja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwenye bucha bado anafunga aproni yake na muuguzi ameshafika. Amesimama mbele ya meza ya nyama na ndoo yenye mfuniko mkononi, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Utumbo mpana tena, Sista?"

"Mpana tu. Usiukate, na usiusugue. Suuza kwa maji basi."

"Huu mwezi wa tatu. Nyumbani kwako steki hawaijui?"

"Wewe funga, bwana. Nimechelewa."

Hajachelewa. Zamu yake inaanza saa moja na nusu, na hospitali iko mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ila leo si siku ya kumwambia atulie.

Saa nne kamili, mgonjwa atalazwa mezani ili aondolewe kijinyama kilichoota ndani ya utumbo wake. Kisu kitakachotumika kitaongozwa na mkono wa muuguzi mwingine. Yeye, mwenye miaka kumi na tisa katika chumba kile, ameagizwa asiguse kitu.

"Nimeruhusiwa kusimama ndani," anasema huku akikaza mwendo. "Kusimama tu, kama kabati."

Wenzake wanamwita Bi Mkasi. Jina hilo lilimjia mwaka jana, hospitali ilipoamua kulinganisha visu vitatu vya umeme vinavyotumika kuondoa vijinyama vya utumbo mpana. Vijinyama hivyo, ambavyo madaktari huviita polipu, vingine havina neno, lakini vingine vikiachwa miaka hugeuka saratani. Vidogo hunaswa kwa kitanzi cha waya na kukatwa mara moja. Vile vipana, vilivyotandazika kwenye ukuta wa utumbo kama doa, ndivyo vinavyohitaji kisu.

Kisu chenyewe ukikiona utacheka. Ni uzi mrefu wa chuma unaopita ndani ya mpira wa darubini inayoingizwa utumboni kupitia njia ya haja kubwa, na yenye makali ni ile ncha ya mwisho, fupi kuliko punje ya mchele. Daktari hukanyaga pedali, umeme unapita, nyama inakatika na mishipa ya damu inazibwa papo hapo. Ukuta anaoukata haufiki unene wa kitambaa cha koti.

Kisu cha kwanza kina ncha iliyo wazi. Kinakata haraka, na kinatoboa haraka vilevile. Cha pili kimevikwa kidonge cha kauri, udongo mgumu kama wa vikombe, kwenye ncha ili kisichome kilicho mbele yake. Kina usalama, lakini kwenye kona kinamsumbua daktari. Cha tatu ni mkasi mdogo unaouma nyama kwanza, kuivuta kidogo kutoka ukutani, ndipo umeme upite.

"Huo mkasi niliupenda siku ya kwanza," anasema Bi Mkasi. "Unakupa nafasi ya kujuta. Umeuma vibaya? Achia, uma tena. Hivyo viwili vingine ukikosea umeshakosea."

Wagonjwa thelathini na sita walipasuliwa kwa zamu, kumi na wawili kwa kila kisu. Kazi ya kuandika ilikuwa yake: muda, damu, tundu. Baada ya miezi minane, ncha wazi ilitoa wastani wa dakika hamsini na mbili na matundu mawili, yaliyozibwa kwa vibanio kabla ya madhara. Kauri ilitoa dakika sitini na moja bila tundu. Mkasi ulitoa dakika arobaini na nne bila tundu hata moja.

Daktari bingwa wa kitengo, mtu asiyemwaga sifa, alimwambia mbele ya watu kwamba jina lake litakaa kwenye ripoti. Kamati ya vifaa ikapanga kikao. Mkasi ungenunuliwa peke yake kwa miaka miwili, kwa hospitali hii na nyingine mbili ndogo zilizo chini yake.

Siku nne kabla ya kikao, Bi Mkasi aliugua homa akabaki nyumbani. Mwenzake, muuguzi mwembamba wanayemtania kwa jina la Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alishika mkasi kwa mara ya kwanza. Kijinyama cha ukubwa wa kawaida kilichukua dakika tisini na saba. Mgonjwa alivuja damu mara tatu.

"Siku mbaya tu," daktari alimwambia aliporudi kazini. "Hata mimi nilikuwa nimechoka."

Bi Mkasi hakuridhika. Alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye mistari kumi na miwili ya mkasi. Msaidizi: yeye. Msaidizi: yeye. Hivyo hivyo mpaka chini.

Kwa msomaji wa nje hilo ni jambo dogo. Lakini ncha wazi na kauri, vikishaingia, huongozwa na mkono wa daktari. Mkasi sivyo. Daktari hulenga na kukanyaga pedali, na muuguzi aliyesimama ubavuni ndiye anayeufungua, anayeuzungusha na anayeufunga, tena nusu pumzi kabla ya kuambiwa. Wenzake walikuwa wakimwachia siku za mkasi kwa kuwa aliuweza. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walidhani wanapima visu, kumbe theluthi nzima ya kazi walikuwa wanapima mkono wa mtu mmoja.

"Nilihisi kama nimejipigia kura mwenyewe," anasema.

Mumewe, dereva wa lori, anazikumbuka siku zile. "Mke wangu hutembea hata akiwa amekaa, hilo nimelizoea. Lakini siku zile mbili alikuwa anafungua friji, anaangalia, anafunga. Nikamwambia, mama, hilo friji limekukosea nini?"

Bi Mkasi alikuwa akiwaza zile hospitali mbili ndogo. Huko kuna muuguzi mmoja mmoja, na hakuna aliyewahi kuushika mkasi. Wangepelekewa kifaa chenye ripoti nzuri na mkono usiojua la kufanya. Na ripoti ingekuwa na jina lake.

Asubuhi ya kikao alimsubiri daktari mlangoni.

"Dokta, zile dakika arobaini na nne si za mkasi. Ni zangu."

"Una maana gani?"

"Nisome mistari yote kumi na miwili?"

Daktari alilichukua daftari, akasoma akiwa amesimama. Alikuwa bado anasoma mhudumu alipokuja kuuliza kama kikao kimeahirishwa.

"Miezi minane, Sista," alisema mwishowe. "Na unaniambia leo."

"Nimejua juzi."

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Muuguzi wa kule. Siku ya kwanza tu."

Daktari anakiri kwamba alikasirika, na si kidogo. "Nilikasirika kwa sababu nilipaswa kuliona mwenyewe. Mkono ulikuwa mbele ya macho yangu miezi yote minane."

Kamati haikufurahi. Ilikubali kusubiri, kwa sharti moja: mkasi urudiwe mara kumi na mbili kwa mikono mingine. Ukizidi dakika tisini, au ukitoboa, uondolewe kwenye orodha. Daftari likaongezewa safu mpya yenye neno moja juu yake: Mkono.

Ndipo safari za bucha zilipoanza. Kila asubuhi, kabla ya wagonjwa, utumbo wa ng'ombe ulitandazwa kwenye beseni ndani ya chumba cha mafunzo, darubini kuukuu ikaingizwa, na Taratibu akafundishwa kuuma na kuachia. Mwalimu wake si mvumilivu.

"Unangoja nini? Barua?"

"Nangoja uninyamazie, dada."

"Mgonjwa hanyamazi, anapumua. Mfuate anavyopumua. Uma. Achia. Umeuma nini hapo?"

"Hewa."

"Hewa haina polipu. Tena."

Wamefanya hivyo mara arobaini na moja. Ya arobaini na mbili ni ya mtu hai.

Saa nne kamili mgonjwa, mwalimu mstaafu, anachomwa sindano ya usingizi akiwa katikati ya sentensi. Taa zinapunguzwa. Kwenye skrini utumbo unaonekana wa waridi na wenye kumeta, na kijinyama kimetanda nyuma ya mkunjo, mahali pabaya. Daktari anadunga maji chini yake ili kiinuke. Taratibu anapokea mpini wa mkasi.

Bi Mkasi amesimama karibu na sinki. Amefumbata mikono nyuma, lakini vidole vyake vinacheza: vinafungua, vinafunga.

Dakika ya ishirini na sita, mshipa unafumka na skrini inageuka nyekundu. Bi Mkasi anapiga hatua moja mbele.

"Sista," anasema daktari bila kugeuka. "Kabati."

Anarudi nyuma.

"Uma," daktari anasema, lakini Taratibu ameshauma. Umeme unapita. Wekundu unasafishwa kwa maji, na rangi ya waridi inarudi. Taratibu hajabadilisha hata namna ya kusimama, na kwa mara ya kwanza inaonekana wazi kwamba upole wake, ule wanaoutania, ndio unaomfaa hapo. Anangoja utumbo usogee, kisha anauma. Anangoja tena.

Dakika ya sabini na moja kijinyama chote kinachomoka, kizima, bila tundu.

Nje, kwenye benchi la korido, Taratibu anakunywa maji chupa nzima bila kupumzika. Bi Mkasi anazunguka mbele yake.

"Sabini na moja," anasema. "Mimi pale nyuma ya mkunjo ningetumia hamsini."

"Najua, dada."

"Lakini ule mshipa ningeuwahi na ningeukosa. Mimi nina pupa." Anaketi, anasimama. "Andika mwenyewe. Safu ya mkono, weka jina lako."

Zimebaki kazi kumi na moja kabla kamati haijakaa tena. Huenda ripoti mpya ikaonyesha kuwa kauri ndiyo inayofaa hospitali ndogo na mkasi ubaki hapa. Huenda tofauti ikawa ndogo mno. Anasema yote mawili atayasaini, mradi zihesabiwe dakika za watu wote.

Yeye ana mpango mwingine, na tayari ameuombea ruhusa kwa maandishi: wiki mbili katika kila hospitali ndogo, yeye na beseni lake, kabla kisu chochote hakijapelekwa. Mumewe ameshaambiwa lori litakwenda upande gani.

"Nataka siku moja watazame lile daftari washindwe kujua ni lini nilikuwepo na ni lini sikuwepo," anasema.

Kisha anamgeukia Taratibu. "Wewe wa kwanza. Mmoja hatoshi. Yule wa zamu ya mchana, mikono yake ikoje?"

"Mizito."

"Mwambie kesho saa moja kasorobo. Utumbo utakuwepo."