Jina Lililokatika Njiani

Naikumbuka siku moja ya masika, mwanangu, mvua inapiga bati la kliniki ya macho pale Malindi, nami nimekaa na kompyuta katika chumba cha nyuma. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea kwisha. Aliyenifundisha kazi alikuwa amehamia Mombasa, na sikumjua mwingine mjini aliyeelewa nifanyalo. Wenzangu walinisalimu mlangoni, wakapita.

Upweke ule ndio ulionifanya niziite faili za wagonjwa wapya kwa majina yao kamili. Mwalimu wangu alikuwa akiyaunganisha, herufi zote zimebanana. Mimi niliandika jina la mtu, nikaacha nafasi, nikaandika la babake, kama watu wanavyoitwa. Nikiifungua faili ya Kadzo Mwaro, bibi wa Kakuyuni mwenye mtoto wa jicho, nilihisi nimepiga hodi nikakaribishwa.

Basi kulikuwa na programu tatu zilizopokezana kazi. Ya kwanza ilitafuta wagonjwa waliofikiwa na zamu ya kupasuliwa, ikaipa ya pili majina ya faili zao izitafute, na ya tatu ikachapa barua za kuwaita. Lakini ya pili, ikikuta nafasi, hudhani jina limekwisha. Ikapokea Kadzo, kisha ikapokea Mwaro, faili mbili zisizokuwako. Ikaandika kwenye kioo kwamba haikuziona, ikaendelea na wengine, wale wa zamani ambao mwalimu aliyaunganisha majina yao.

Niliyasoma maneno yale. Nikasema moyoni, mashine nayo inajisemea peke yake kama mimi. Ningeweza kupiga simu Mombasa, niliona haya. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, lakini mpweke huona hata swali ni mzigo wa kumtwika mtu.

Daktari mpasuaji, aliyetujia mara chache tu kwa mwaka, akaja, akapasua, akaondoka. Siku iliyofuata Bi Kadzo akafika, ameshikwa mkono na mkaza mwanawe. Bi Rukia, muuguzi mkuu, mwenyeji wa Mambrui, akamleta hadi mlangoni pangu.

"Huyu hakuitwa," alisema. "Au mashine yako inachagua watu kwa sura?"

"Shikamoo, Bi Rukia. Ilisema haikuiona faili yake."

"Marahaba. Ilisema lini?"

"Wiki iliyopita."

"Ikasema, ukasikia, ukanyamaza. Basi kati yenu wawili, mashine ni wewe."

Bi Kadzo akacheka kidogo. "Msimgombeze, ni mtoto. Mimi nina haraka ya mzee wangu tu. Yu kitandani. Siku nyingi namjua kwa kikohozi. Nataka niuone uso wake kabla hajaniaga."

Nilirudi kwenye zile programu. Nikalifunga jina kwa alama za kunukuu lisikatike, bado likakatika. Nilikuwa nimelifunga kwa programu ya kwanza tu. Ya pili ililifungua, ikalikabidhi ya tatu, ile ya kuchapa, likiwa wazi. Ikabidi nilifunge upya kila lilipobadili mkono. Barua ya Bi Kadzo ikatoka, nzima, na daktari hayupo.

Daktari alirudi upepo ulipogeuka kuwa kaskazi, akampasua. Bi Kadzo alipofunguliwa bendeji, alimtazama Bi Rukia akamwambia, "Kumbe u mfupi hivyo, na sauti yote ile." Tukacheka. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama nimewahi kumwona mumewe, mvi zilikuwa zimemwingia kiasi gani. Walikuwa wamemzika mwezi uliotangulia. Sikuwahi kumwona.

Mwanangu, ukikabidhiwa jina la mtu, lifunge, na likienda kwa mwingine lifungwe tena; fundo la mkono wa kwanza halimfikishi mtu mwisho wa safari. Ukiambiwa "sikumwona", hata na kitu kisicho na roho, inuka ukamtafute. Na ukiwa peke yako kazini, usijifungie ndani ya upweke wako. Gonga mlango wa mtu, umuulize, hata akikucheka. Mola akujaalie kuwaona uwapendao wangali nao wanakuona.