Msichana Aliyeambiwa

Riwaya yenyewe nilipewa na mwalimu wa Kiswahili siku niliyomaliza kidato cha nne, na nilikuwa nimeshaichukia kabla sijafika ukurasa wa kumi. Ni kitabu chembamba cha vijana. Jalada lina msichana aliyekaa kando ya reli, amekumbatia mkoba. Mama yake anaumwa. Katika sura ya kwanza daktari anamwita kando na kumweleza ukweli wote: mama hatapona, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, ajiandae. Basi msichana analalamika kurasa nenda, kurasa rudi. Kwa nini mimi, kwa nini niambiwe mimi. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha marehemu mama yangu, nikamwambia kwa sauti anyamaze, kwa sababu yeye aliambiwa.

Mimi sikuambiwa. Mama yangu alikufa nikiwa bwenini, mtihani umeanza juzijuzi tu. Kwetu Wamagana, na hata ukivuka kwenda Murang'a, kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika lakini wengi huifuata: mtoto akiwa katika mtihani wa kidato cha nne, hafiwi. Atafiwa akimaliza. Watu watazika, watakunja hema, watarudisha viti vya kanisa, na mtoto yuko shuleni anachora mizizi ya mharagwe kwenye karatasi ya biolojia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakujua kwamba watu wa kwetu wanaweza kukificha hata kilio chenyewe.

Watu wazima wote wa shule walijua. Mpishi alianza kunichotea githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, iliyojaa nyama ya wengine, nikadhani amenipenda. Mwalimu mkuu aliniita ofisini kuniuliza kama ninalala vizuri. Siku moja kwenye maombi walituombea watahiniwa, kisha mwalimu wa dini akashindwa kumaliza, akatoka nje akijifuta pua. Nilimcheka na wenzangu. Na huyo mwalimu wa Kiswahili, aliponipa kitabu, alisema, "Utasoma polepole ukifika nyumbani," huku akiangalia viatu vyangu.

Alikuja kunichukua Baba Mkubwa, ndugu mkubwa wa marehemu baba yangu, ambaye tangu baba afe ndiye aliyekuwa akikata shauri la kila jambo kwetu. Alininunulia chipsi na soda mjini Nyeri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Nyumbani nilikuta shangazi zangu wameketi na mchungaji, chai imeshamiminwa. Niliuliza mama yuko wapi. Mchungaji akasema tuombe kwanza. Nilijua kabla ya amina. Kaburi lilikuwa chini ya kahawa, mvua imelipiga mpaka udongo umeanza kudidimia, na mashada ya maua yalikuwa yamegeuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa.

Halafu wakaniwekea video ya mazishi. Walidhani ni wema. Ninaona majirani wote, wazazi wa wenzangu, kaka yangu amemshika mkono mke wake mjamzito, na msema-chochote wa siku hiyo anachukua kipaza sauti na kusema, "Kasichana ketu kako kwa mtihani, tukaombee kapite." Umati wote ukaitikia. Mamia ya watu walisimama shambani kwetu kuniombea nipite, wakati mama yangu anashushwa.

Nikapita. Hilo ndilo lililonimaliza, kwa maana tangu matokeo yatoke hakuna aliyeweza kuniomba msamaha. Shangazi mmoja aliniambia waziwazi, "Si unaona? Ungejua, ungeanguka." Kaka yangu peke yake ndiye aliyewahi kusema walikosea, akasema mara moja, tukiwa tunachuma kahawa, na hakurudia.

Kwa hiyo usomaji wangu wa kwanza wa kile kitabu ulikuwa wivu mtupu. Msichana yule alimwosha mama yake miguu. Alimlisha uji. Alikuwa pale pumzi ilipokatika, na alitupa udongo kwa mkono wake. Nilimwona kama mtu aliyeketi kwenye karamu analalamikia chumvi. Nilikimaliza kwa hasira, nikakitupa kwenye katoni pamoja na sare zangu za shule, na nikaamini kwa miaka mingi kwamba mwandishi wake hajui lolote kuhusu kufiwa.

Nilikisoma tena nikiwa mtu mzima, mwenye duka la dawa za mifugo pale Chaka. Duka la namna hiyo lina saa za kufa. Asubuhi wanakuja wenye ng'ombe, jioni wanakuja wenye kuku, na katikati unabaki na upepo wa Kieni unaoingiza vumbi hadi kwenye vizibo vya chupa. Nilikuwa nimeleta ile katoni ili nitumie sare kufutia rafu, kitabu kikaanguka miguuni.

Safari hiyo niliona jambo ambalo mara ya kwanza nililipita kama mtu anayekimbia mvua. Yule msichana ana ndugu mdogo. Katikati ya kitabu kuna sura nzima ambayo mtoto huyo anatengeneza gari la waya, na anamwuliza dada yake kama mama atatoka hospitalini kabla gari halijaisha. Dada anamwambia ndiyo. Anamwambia tena kesho yake. Mwenyewe ameambiwa kila kitu, analia kwamba ameambiwa, kisha anamficha mdogo wake. Nilipigwa na butwaa. Nilisubiri mwandishi amwadhibu. Nilisoma hadi mwisho nikisubiri mtoto yule amgeukie dada yake, amtemee mate, amkane. Mwandishi hakufanya hivyo. Mtoto analia siku ya mazishi kama watoto wengine, basi, hadithi inaendelea. Nilimchukia mwandishi kuliko nilivyowahi kumchukia msichana. Niliona naye ni mtu wa kwetu, mmoja wa wale waliorudisha viti vya kanisa.

Siku chache baadaye kaka yangu alikuja dukani kuchukua dawa ya kupe, nikamsimulia kisa chote, kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyekitunga. Alisikiliza akimaliza chai yake. Akasema, "Lakini hiyo gari ya waya, ilimalizika?" Nikamwambia hakuelewa. Akacheka.

Kaka yangu alianguka huko Nanyuki, mnadani, katikati ya wafanyabiashara wa mbuzi aliozoeana nao. Ni presha, walisema. Hao wafanyabiashara, Waislamu wa mnadani, ndio waliompeleka hospitali na ndio waliotupigia simu, na mmoja wao alikaa na mwili mpaka tulipofika. Binti wa kaka, yule aliyekuwa tumboni siku ya mazishi ya mama yangu, alikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni karibu na Kiriaini. Mtihani ulikuwa umeanza.

Tulikutana Wamagana kupanga mazishi. Baba Mkubwa amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini kiti cha mwenyekiti bado ni chake. Alipofika kwenye jambo la mtoto hakulijadili hata. Alisema mtoto aachwe amalize. Wifi yangu, mjane, alikuwa ameketi na leso mdomoni. Mtu mmoja wa kanisa akauliza kwa upole kama si vizuri aambiwe. Baba Mkubwa akaninyooshea fimbo.

"Huyu si tulimficha? Na akapita. Ako na duka. Muulizeni kama alikufa."

Watu wote wakaniangalia. Maisha yangu yote nilikuwa nimeyabeba maumivu yale kama mashtaka dhidi yao, kumbe wao walikuwa wameyahifadhi kama ushahidi wao. Nilisimama. Nilisema maneno ambayo mwanamke hapaswi kumwambia Baba Mkubwa wake mbele ya mchungaji. Nilimwambia kwamba nilikufa, ndiyo, na kwamba hawakuona kwa sababu walikuwa wanaangalia karatasi ya matokeo. Mzee aliniangalia, na nadhani kwa mara ya kwanza alishangaa kweli.

Wifi alinifuata nje, nyuma ya jikoni. "Enda umwambie," alisema. "Mimi nikimuona tu nitaanguka. Wewe unajua kuongea hayo maneno."

Kesho yake nikaenda. Sikuwa na huzuni njiani, hilo lazima niliseme. Nilikuwa na nguvu za ajabu, za mtu anayekwenda kulipa kisasi kilichoiva. Mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri, akafunga mlango, akaniambia, "Mama, kesho wako na kemia. Si mngengoja tu kidogo?" Nikamwambia mama mzazi ameniagiza. Akapumua, akamtuma mtu amwite mtoto.

Nilimwambia kwenye benchi nyuma ya maabara. Alikuwa na wino kidoleni na sweta iliyochanika kiwiko. Nilitumia maneno ambayo nilikuwa nimeyatayarisha kwa miaka, maneno ambayo mimi ningetaka kuambiwa: baba amekufa, hajazikwa, tunakungoja. Hakupiga kelele. Aliuliza yuko mochari gani. Kisha akauliza, "Mama amekula?" Nikasema amekula, na huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake. Akaniomba nimruhusu arudi darasani kwa sababu alikuwa ameacha daftari la mwenzake wazi.

Aliruhusiwa kuja mazishini. Alitupa udongo kwa mkono wake. Nilisimama karibu naye nikiona kwamba angalau kitu kimoja katika ukoo huu kimefanyika inavyopaswa. Usiku ule ule walimrudisha shuleni.

Matokeo yalipotoka, alama hazikufika. Alitaka kuwa muuguzi tangu akiwa mdogo, na pale kwenye kemia na biolojia, masomo yaliyotakiwa, ndipo alipozama. Hakuna aliyeniambia lolote, na katika ukoo wetu kimya cha namna hiyo ni hukumu. Baba Mkubwa alinisalimia kanisani kwa adabu kuliko kawaida. Nilimchukua mtoto akae nami Chaka, asaidie dukani hadi tupate njia nyingine. Ni mwepesi, anajua dawa zote kwa muda mfupi, wateja wanampenda. Ananiita Tata, kama shangazi anavyoitwa na watu wetu, na jinsi anavyolitamka inanifanya nisikie sauti ya baba yake.

Yeye ndiye aliyekiona kitabu kwenye rafu, katikati ya chumvi za ng'ombe. Sikumpa mimi. Ningeogopa. Alikisoma saa zile za mchana za upepo, nami nikawa nakisoma nyuma yake, anapokiacha, ili nijue amefika wapi. Hivyo ndivyo nilivyokisoma mara ya tatu, na safari hii sikuona wivu wala hasira. Niliona kitabu cha watu waliochoka. Msichana analalamika kwa sababu hajalala. Daktari alimwambia kwa sababu hapakuwa na mtu mkubwa zaidi wa kumwambia. Kila mmoja mle ndani anampa mwenzake kile alichonacho mkononi, na hakuna aliyenacho kinachotosha.

Alipomaliza alikiweka kwenye kaunta. Nilimwuliza amekionaje.

"Ni sawa tu. Huyu msichana analia sana." Akakifungua tena, akatafuta ukurasa. "Lakini hapa ndio nilipenda. Hapa kwa gari ya waya."

Nilimwambia hapo ndipo mimi nilipotaka kumpiga yule msichana, kwa kumdanganya mtoto.

"Kwa nini?" alisema. "Hako katoto kalikuwa kanafurahi."

Nje kulikuwa na mtu anafunga punda kwenye nguzo ya stima, anamkemea. Mtoto aliniuliza bila kuniangalia, "Tata, hizo siku kabla ujue, shuleni, ulikuwa unafanya nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote huuliza nilipojua nilifanya nini. Nikaanza kumwambia, polepole, na kadiri nilivyosema ndivyo yalivyozidi kunijia. Kwamba tulikuwa tunamwagiana maji nyuma ya bweni kila karatasi ilipokwisha. Kwamba nilikuwa nimejifunza kumwigiza mwalimu wa hesabu na nilikuwa namwekea mama maigizo hayo, nikijua atakavyocheka, ameshika mbavu, akiniambia niache utovu wa adabu. Kwamba kila usiku nilimpangia mambo ya kumwambia, na kila usiku alinijibu, na sauti yake ilikuwa nzima. Nilikuwa na furaha. Nilisema hivyo, na nikasikia aibu mwilini, kwa sababu nilikuwa nimeificha furaha ile toka siku niliyoliona kaburi. Niliihesabu kuwa kitu nilichoibiwa, kumbe ndicho kitu cha mwisho nilichopewa.

"Alikuwa hai," alisema yule mtoto.

"Kwangu mimi, ndiyo. Alikuwa hai hadi nilipomaliza mtihani."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayehakikisha hesabu aliyokwisha kuipiga mwenyewe. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo, ningejua pa kuishika.

"Mimi hizo siku sikupata," alisema. Yule mwenye punda alikuwa ameingia, anataka dawa ya minyoo, na akainuka kumhudumia.