Mafiga ya Direkteri Mpya

Kampuni iliyochimba madini ya bati huku kwetu Walikale iliuzwa sisi tukiwa shambani. Asubuhi tuliiacha ikiwa ya Wazungu wa zamani, na tuliporudi jioni na mihogo mgongoni ilikuwa ya Wazungu wengine, wa nchi ambayo hata mume wangu, karani wa ofisi yao, alipata taabu kutamka jina lake. Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mbichi, na tulikuwa tumeambiwa kwamba mambo yote makubwa yatakuwa yetu. Kumbe mgeni humuuzia mgeni mwenzake, na mwenye nyumba huarifiwa baadaye.

Nayo haikuwa kampuni ndogo. Ilikuwa na redio ya kuongea na Bukavu, na mtambo mtoni uliotoa umeme wakati miji mingi ya nchi ilikuwa bado ikiwasha taa za mafuta. Sisi wanawake hayo yote tuliyatazama kwa mbali. Letu lilikuwa moja tu: mashine ya unga iliyokuwa nyuma ya karakana, ambayo Jumamosi ilitusagia muhogo bure.

Mama yangu alikuwa mjane. Bega lake la kulia liliharibika zamani, alipoteleza na mzigo wa kuni, na tangu hapo hakuweza kuinua mchi. Mashine ile ndiyo iliyomwezesha kukaa peke yake katika nyumba aliyojengewa na baba. Mimi ningemtwangia kwa furaha, lakini hakutaka kusikia. Alisema mwanamke anayengoja unga wa binti yake hana jiko, ana bakuli tu. Bila mashine ingembidi ahamie kwa kaka yangu, kule milimani Masisi, na Masisi hakuipenda hata chembe. "Kule ni baridi na maharagi," alikuwa akisema. "Ukimaliza maharagi, unarudilia baridi."

Basi direkteri mpya, mkuu wa kampuni, akafika, kijana mrefu mwenye masikio mekundu, na amri yake ya kwanza ikawa kwamba umeme wote uende kwenye mitambo ya kuoshea madini. Mashine ya unga ifungwe. Mume wangu alituletea habari hiyo kichwa chini, kana kwamba yeye ndiye aliyeifunga. Nilijua hana kosa, lakini hasira haina macho. Siku hiyo alikula bugali bila sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Kaka yangu naye alipopata habari akatuma neno: Jumamosi anakuja kumchukua mama.

Nilimkuta mama uani, akichagua mawe.

"Mama, unafanya nini?"

"Huyu muzungu haiko mubaya," akasema. "Hayaonyeshwa mafiga, njo maana anaamuru ovyo. Ameingia mu nyumba, na hakuna mutu alimupokea."

Kwetu bibi arusi haamuru jambo lolote mpaka aonyeshwe mafiga, yale mawe matatu ya jikoni, yaani apike bugali wake wa kwanza mbele ya wanawake wa nyumba ile. Mama mkwe hula tonge la kwanza, liwe bichi, liwe limeungua. Tangu hapo nyumba haiwezi kumfukuza, naye hawezi kumnyima mtu wa nyumba moto wake. Mama aliona kwamba aliyenunua kampuni hana tofauti na aliyeolewa: vyombo umevikuta, lakini watu bado hawajakupokea.

Jumapili, kaka akiwa bado hajafika, tukapanda kwa direkteri baada ya ibada. Mama mbele na jiwe moja kichwani, mimi na jirani nyuma na mengine mawili, na wanawake wengine na chungu, kuni, kinu na mchi, muhogo mkavu na unga wa mwisho. Direkteri akatoka barazani akiwa mweupe kuliko siku zote. Miaka ile, watu wengi wakija kwako na mawe, huwazii chakula. Mume wangu akaitwa mbio, akasema naye Kifaransa huku akijipangusa jasho. Baadaye nilimwuliza alimwambia nini.

"Nilimuambia bamama banasema eti yeye njo bibi arusi."

Masikio yakazidi kuwa mekundu, kisha kijana akacheka, akavua koti. Tukapanga mawe, tukawasha moto, naye akasonga bugali kwa mikono miwili, ukatoka mabonge mabonge, unga mkavu ndani. Mama akakata tonge, akalitafuna polepole, akameza. Uso haukutikisika. Sisi tulikuwa tunajiuma midomo.

Kisha akamkabidhi mchi. Chakula cha leo kimeliwa, lazima kutafuta unga wa kesho. Direkteri akatwanga mpaka shati likamganda mgongoni. Alipotua kupumua akamwona mama akikusanya unga kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukining'inia tu. Akamwuliza mume wangu jambo. Mume wangu akajibu kwa kirefu. Direkteri akautazama mchi, kisha akasema kwamba Jumamosi mchana mitambo ya madini hupumzika. Basi saa zile mashine ya unga ifanye kazi.

Jumamosi kaka yangu alifika na wabebaji wawili na kamba za kufungia mizigo. Hakumkuta mama nyumbani. Nikampeleka nyuma ya karakana, ambako mashine ilikuwa ikinguruma na wanawake wakipiga kelele kuishinda. Mama alikuwa ameketi kati ya waliokwisha kusagiwa, hana haraka, beseni mapajani, nywele nyeupe kwa unga. Nilimtazama nikajisikia furaha mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi.

Kaka akamwamkia, akasema, "Mama, nimekuja kukubeba."

Mama akachota nusu ya unga, ungali na joto, akamfungia kwenye kitambaa.

"Beba hii," akasema. "Upelekee muke yako. Umuambie inatoka mu jiko yangu."