Faji Isiyoguswa

Kwenye chumba cha pasi cha hospitali walimwita Cherehani, ingawa hakujua kushona hata kifungo. Jina lilimganda kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Mashuka yakiisha, alipanga foronya. Foronya zikiisha, alifagia. Wenzake wakikaa kunywa chai, yeye aliinywa amesimama, kikombe mkono mmoja, kitambaa cha kufutia meza mkono wa pili. Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Cherehani kivuli alikiona, ila alikipita mbio.

Jumamosi hiyo alirudi nyumbani miguu imevimba na mgongo ukimlalamikia. Alikuwa amechoka, wala si uchovu wa siku moja. Ulikuwa ule aliouahirisha tangu mumewe afariki, akiogopa kwamba siku akikaa utamwangukia wote kwa mpigo. Hata hivyo hakuvua viatu. Aliteleka sufuria, maana jioni binti yake wa pekee alikuwa anakuja kuchukua nguo zake zilizobaki, ahamie moja kwa moja kwa mama yake mdogo.

Ugomvi wenyewe, ukiusikia, utacheka. Binti alipata kazi yake ya kwanza, akapika, akamkaribisha mama yake mezani. Mama akala vijiko viwili, akainuka kuosha masufuria, kisha akarudi na kumwondolea binti sahani.

"Mama, mimi bado nakula!" Binti alitokwa na machozi. "Kukaa na mimi tu kunakushinda? Kwa mama mdogo tunakaa, tunaongea."

Akaondoka usiku uleule na begi moja. Neno hilo la kukaa lilimchoma Cherehani kuliko pasi yoyote aliyowahi kuishika.

Sasa alitaka kumpikia faji ya chokoleti, peremende laini ya kukata vipande aliyofundishwa na mama mkwe wake, mwoka keki. Labda binti akiionja angesita kidogo mlangoni. Akachanganya sukari, unga wa kakao, maziwa na chumvi kidogo, akakoroga mpaka ikachemka na nyumba nzima ikanukia. Alipoangusha tone kwenye maji baridi likafanya kidonge laini, akaepua, akatia siagi na vanila juu.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Mchanganyiko huachwa upoe wenyewe bila kuguswa, ndipo upigwe kwa mwiko. Marehemu mama mkwe hakuchoka kumwonya: "Sukari ya moto ni kama mtoto aliyelala, mwanangu. Mguse kabla ya wakati, utakiona cha moto." Lakini Cherehani na kungoja wapi na wapi! Miaka yote aliikoroga ingali ya moto, na miaka yote faji yake ilitoka na chengachenga kama mchanga. Binti alikua akidhani faji ndivyo ilivyo.

Akatafuta cha kufanya huku ikipoa. Vyombo vilikuwa safi, sakafu ilikuwa safi. Mkono ukaanza kuunyemelea mwiko.

"Koma," alijiambia kwa sauti. Akavuta kiti hadi upande wa pili wa meza, mbali na sufuria, akakaa. Kidogo tu, alisema. Uchovu nao haukungoja aseme mara mbili.

Alipozinduka, binti alikuwa ameketi mbele yake, begi tupu miguuni.

"Mbona hukuniamsha?"

"Sijawahi kukuona umelala kwenye kiti, mama. Nilidhani unaumwa, mpaka nikasikia unavyokoroma."

"Mimi sikoromi."

"Unakoroma. Tena kama jenereta."

Cherehani akakurupuka. "Faji yangu! Umeigusa?"

"Sijaigusa. Imepoa."

Alinyoosha mkono achukue mwiko, binti akamwahi. "Kaa, mama. Nitaipiga mimi."

Akaipiga mpaka bega likamuuma, mpaka mng'ao ukapotea na mwiko ukawa mzito, akaimimina kwenye sinia lililopakwa siagi. Akalamba mwiko. Akalamba tena.

"Mama, hii haina mchanga."

"Leo haikuguswa."

"Kumbe ndivyo inavyotakiwa kuwa?"

"Ndivyo. Miaka yote nimekulisha haraka zangu. Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa naogopa kukaa. Nikikaa namkumbuka baba yako, nguvu zote zinaniisha."

Binti aliuweka mwiko chini. "Na mimi namkumbuka. Nilitaka tumkumbuke pamoja, wewe ukawa unaosha vyombo."

Cherehani alilia, polepole, kama mtu asiye na nguvu hata za kulia, na binti akahamisha kiti chake akakaa karibu naye. Faji ilipoganda, akaikata na kumnyooshea mama yake kipande cha kwanza.

"Nikirudi hapa," alisema, "utakaa?"

"Nitakaa."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia sasa hivi."

Katikati ya meza sufuria ilikuwa inakauka, chokoleti ikigandia pembeni, na kila mpishi anajua kazi ya kuikwangua kesho yake. Binti alikuwa anamtazama. Vidole vya Cherehani vikaanza kucheza. Akaisukuma mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia, akafungua mdomo alishwe.