Dawa ya Usingizi na Maziwa Yangu

Mtoto wangu wa kwanza alikufa mimi nimelala. Alikuwa ubavuni kwangu, nikaamka kumekucha, nikamkuta wa baridi. Watu walisema ni kazi ya Mungu, nami nikaitikia hivyo hivyo. Lakini alipozaliwa wa pili, macho yangu yalikataa kufumba.

Tulipanga chumba Kariakoo, nyumba ya makuti karibu na soko, zama za Mwingereza, wakati watu wazima bado wakihadithia njaa ya vita vya Mjerumani. Mume wangu alikuwa hamali bandarini. Akirudi yu hoi, akigusa kitanda tu anakoroma, nami nilimchukia kwa usingizi wake ule. Mimi nilikaa kitako, kiganja changu kifuani mwa mtoto, nikimsikiliza anavyopumua. Siku za arobaini mama mkwe alikuwa nami chumbani, nikapata kusinzia kidogo. Arobaini ilipokwisha akarudi kwake, na usingizi akaondoka nao.

Nilinywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini zikaoshwa kwa maji, nikafukizwa ubani, wapi! Muuza samaki akinadi barabarani, moyo unanienda mbio kama nimefumaniwa. Asubuhi moja nilijikuta nimesimama uani na mtoto mkononi, juu ya sufuria ya maji yanayochemka, sijui nimefikaje. Hapo nikaogopa kweli. Yule wa kwanza nilidhani nimemuua kwa kulala. Huyu ningemuua kwa kukesha.

Nikaenda zahanati na chupa yangu tupu iliyokuwa ya mafuta ya nazi. Dresa akanijazia dawa.

"Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, bibi. Utalala."

"Na huyu anayenyonya, bwana?"

"Dawa ni yako wewe. Yeye hainywi."

Ilikuwa na ladha ya chumvi. Nililala, jamani! Nililala hata nikaota. Majirani wakaanza kumsifu mwanangu: mtoto mpole huyu, hana kero, mama yake amepata bahati. Wakati wa kunyonya ulipita hakulia. Nikamtekenya unyayo, akafumbua jicho nusu, akalifumba. Nikampa ziwa, akavuta kidogo, akalala nalo mdomoni. Wenzangu wakacheka, mimi nywele zikanisimama.

Kwani katika arobaini mama mkwe alinilisha uji wa nini? Wa pilipili manga, ili maziwa yaje na tumbo la mtoto lipate joto. Ninachokula mimi kinamfikia yeye. Hakuna mwanamke nyumba ile asiyelijua hilo. Ila dawa ilipotoka kwenye zahanati ya serikali, sote tulidhani ina njia yake nyingine ya kupita.

Nikaiacha. Mtoto akachangamka, mimi nikarudi kukesha, na safari hii nikasikia sauti za watu wasiokuwapo. Nikarudi kwa dresa. Akasema, "Basi mwachishe." Nimwachishe kichanga ambaye hata shingo haijakaza! Nilitoka pale nikilia barabara nzima ya Msimbazi, watu wakinipisha.

Mwanamke wa chumba cha pili, muuza vitumbua, alikuwa na binti anayenyonya. Akaniambia, "Shoga, kunywa dawa yako ulale. Wako nitamnyonyesha mimi."

Mama mkwe alipopata habari alikuja mbio.

"Mwanangu, ukimpa ziwa la mwenzio, binti yule ni dada yake. Hawaoani. Na yule bibi ni mama yake, utake usitake. Umefikiri?"

"Nimefikiri, mama."

Uongo mtupu. Sikufikiri lolote. Hata angeniambia ziwa lile litamfanya awe mtoto wa jirani moja kwa moja, siku ile ningemtoa. Nilitaka kulala, na nilitaka nikiamka nimkute hai.

Nikampeleka asubuhi, nikanywa kijiko, nikajilaza. Niliposhtuka adhana ya alasiri ilikuwa ikilia, na kanga yangu imelowa maziwa kifua kizima. Nje uani mtoto alikuwa akilia, kilio kikali cha njaa na hasira. Nilikijua. Nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, nikatoka nikishika ukuta.

Jirani yangu alikuwa akiepua vitumbua vya mwisho. "Wako huyo, ana makelele!" akasema, akanipa nimshike wakati ananawa mikono.

Mtoto akaninusa. Kilio kikakatika. Akaanza kunitafuta kwa mdomo wazi, akiisugua pua yake kwenye kanga iliyolowa, akinivuta kwa vidole. Maziwa yalikuwa yakitiririka yenyewe, yana chumvi ile ndani yake. Nikamgeuza uso, akapiga ukelele kama nimemfinya. Nikamrudishia mwenzangu, nikaenda nyuma ya nyumba, nikachuchumaa, nikayakamua mchangani.