Besi Peke Yake

Wiki iliyopita nilikuwa Mwandiga, nimeinama juu ya fungu la muhogo mkavu, navunja kipande kuona kama ndani ni mweupe, ndipo matarumbeta yaliponikuta. Harusi ilikuwa inapita kuelekea mjini. Vijana wamesimama nyuma ya pikapu, mashati mekundu, mashavu yamevimba, na watu wote kando ya barabara wamenyanyua simu wanarekodi. Mimi sikunyanyua yangu. Nilikuwa nasikiliza kama kuna besi. Ndugu yangu, besi haikuwepo. Wote walikuwa wanapiga sauti za juu, chini hakuna mtu. Muuzaji akaniuliza, "Mama, unanunua au unavunja tu?" Nikalipa, nikarudi nyumbani na huzuni ambayo sikwenda nayo.

Sijui kama wewe uliwahi kuiona beni yetu ya Katubuka, ile bendi ya matarumbeta. Kama uliishi Kigoma miaka ile ya ukimbizi, uliiona, hata kama hukupenda. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana ilishuka kutoka kanisani, ikapita Mwanga sokoni, ikafika mpaka stesheni ya reli na kurudi. Wapigaji hawakuwa wanamuziki wa kulipwa. Mmoja alikuwa mshona viatu, mwingine mfyatua matofali, mwingine alikamua mawese, na karibu wote walikuwa wamevuka kutoka Burundi. Matarumbeta yenyewe yalikuwa ya zamani, yaliachwa na wamisionari, mengine yamezibwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Jumamosi sisi watoto tuliyasugua kwa ndimu na majivu mpaka vidole vikachubuka. Watu wa Ujiji, wenye dufu zao, walitutania kwamba Warundi wanapuliza mabomba ya maji. Lakini bibi harusi wao akitoka, nani aliitwa? Harusi bila matarumbeta ilionekana kama wametoroshana tu.

Mimi nililelewa na bibi. Mama yangu alianika dagaa Kibirizi na kuja nyumbani siku moja moja. Bibi ndiye aliyewapikia beni kila Jumamosi wakimaliza mazoezi: maharage yenye mawese hadi yakawa mekundu, ugali wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, ikiwepo. Mgebuka wa ziwani ukipatikana, ulikatwa vipande vidogo ili kila mtu aambulie. Hakuwa na uwezo huo. Tulishinda na uji siku nyingine ili Jumamosi iwepo. Na kila alipowatengea chakula alisema maneno yaleyale, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kuleni mshibe. Mnakula mazishi yangu." Wao walicheka, wakaongeza ugali.

Hakuwa anatania. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao beni ilipiga kwenye maziko ya wakimbizi tu. Mwalimu wa beni, aliyepiga tarumbeta la kwanza, aliutunga mwenyewe kwa ajili ya wale ambao hawakufika ng'ambo hii ya ziwa. Haukuwa na maneno hata moja. Babu yangu alikuwa mmoja wa wale. Alifia njiani, wakamfukia haraka bila sala, bila hata mtu kusema jina lake kwa sauti, na bibi akakimbia na mama yangu mgongoni. Hilo lilimla maisha yake yote. Hakutaka nyumba nzuri wala kurudi kwao. Alitaka siku akifa apigiwe wimbo ule mzima, kwa ajili yake na kwa ajili ya yule aliyeachwa porini.

Wimbo wa msiba, kwetu, hauimbwi nyumbani. Ukiuimba unaita msiba. Hata mazoezini mwalimu hakukubali upigwe wote pamoja. Alimwita mpigaji mmoja mmoja, akamwimbia sehemu yake kwa mdomo mpaka aishike, akamwambia asiulize ya mwenzake. Sehemu hizo zilikutana kaburini tu. Mimi niliwahi kuupiga mluzi nikiosha sufuria, na bibi alinichapa na mwiko wenye ugali wa moto. Sikurudia. Hakuna mtoto wa Katubuka aliyerudia kitu cha namna hiyo.

Isipokuwa besi. Jirani yetu, fundi baiskeli, ndiye aliyebeba lile tarumbeta kubwa la besi, na yeye alifanya mazoezi ya sehemu yake kila jioni mbele ya mlango wake, baiskeli za watu zimepinduliwa pembeni. Pu, pu-pu, puu. Kisha kimya kirefu. Kisha pu tena. Niliogopa, nikamwambia bibi kwamba jirani anaita kifo. Bibi aliendelea kuchambua maharage. "Reka, mwana wanje," alisema kwa Kirundi. "Huo si wimbo. Mwache, mwanangu." Kwa hiyo nilikua nikiisikia besi ile kama watoto wengine wanavyokua wakisikia kinu cha jirani.

Halafu amani ikatangazwa kwao, na watu wakaanza kurudi. Kwanza walirudi wachache, baadaye meli ziliondoka zimejaa magodoro, kuku na masufuria. Beni ilisindikiza kila familia mpaka bandarini, maana mgeni hasindikizwi kimyakimya. Mwenye kuondoka akiwa ni mpigaji, alipiga pamoja na wenzake hadi kwenye geti, akapangusa tarumbeta kwa shati lake, akalikabidhi, kwa kuwa lilikuwa mali ya kanisa. Tulirudi Katubuka mlimani tukiwa na matarumbeta yaleyale na vinywa vimepungua. Yaliwekwa kwenye rafu nyuma ya madhabahu. Rafu ilijaa. Nilifurahi kijinga, kwa sababu yasiyopigwa hatukutakiwa kuyasugua.

Bibi alianza kupika sufuria ndogo. Nilimwona akihesabu sahani kwa macho. Siku mwalimu aliposema kwamba yeye na familia yake wamepata nafasi ya kwenda Amerika, bibi hakumpongeza. Alimuuliza, "Na sauti ya kwanza unamwachia nani?" Mwalimu alijibu kwamba amekwisha kumfundisha kijana wa tromboni, bibi asiwe na wasiwasi. Ilikuwa kweli, alimfundisha. Kijana huyo akapanda meli kabla mvua hazijaanza.

"Mama, bado nipo mimi," alisema jirani yetu, Jumamosi aliyokula peke yake.

"Wewe upo," bibi alimjibu. "Kula." Safari hii hakusema lile neno la mazishi.

Sitakuzungusha. Bibi alifariki kiangazi, kifua kilimbana siku chache tu. Nilitumaini, kitoto, kwamba watu wangesikia ng'ambo na kurudi na meli ya kwanza. Hakurudi mtu. Jirani alikuja na tarumbeta lake la besi, ameling'arisha mwenyewe, amevaa koti la beni lililombana. Waombolezaji wengi walikuwa majirani wa Buzebazeba na Ujiji, watu wema, walioleta mchele na kuchimba kaburi. Jeneza liliposhuka, akaanza. Pu, pu-pu, puu. Kisha akatulia palepale alipokuwa akitulia zamani, kuwapisha wenzake. Hakuharakisha. Aliwapa nafasi yao yote, na katika nafasi hiyo tulisikia udongo ukidondoka na mtoto akikohoa. Mzee mmoja wa Ujiji akamwinamia mama yangu, akamnong'oneza kwa upole, "Samahani binti yangu, mbona haanzi?"

Jirani alipiga mpaka mwisho, akashusha tarumbeta, akalia mbele ya watu wote. Yeye naye sasa ni marehemu. Alizikwa na kwaya ya kinanda cha umeme. Matarumbeta ya rafuni sikuyaona tena, nasikia yalipimwa kwa kilo, yakauzwa kama chuma chakavu.

Nilipotoka Mwandiga wiki ile nilimpigia simu mwalimu. Ni mzee sana sasa, sauti imekuwa nyembamba. Nilimwamkia, akafurahi, akanieleza mambo ya huko. Katika mji wake kuna bustani, na katikati ya bustani jukwaa la duara lenye paa zuri. Alipouliza ni la nini, vikongwe wakamwambia zamani kila mji huko ulikuwa na beni yake, muuza nyama na kinyozi na mwalimu wa shule, wakipiga jioni za Jumapili na mji mzima ukitoka kuwaona. "Sasa watu wanakaa pale mvua ikinyesha," alisema. "Hata kwao imekwisha, mwanangu. Nilidhani ni sisi tu."

Nikamwomba aniimbie sauti ya kwanza. Nilijua anaufikiria ule mwiko wetu wa kutouimba nyumbani. Kisha akasema, "Wote wamekwisha kufa, tunamwitia nani kifo tena?" Akaanza, akasimama, akaanza upya. Alisema bila besi haishiki, nimpe besi. Nikampa. Pu, pu-pu, puu. Lakini simu ya mbali unaijua, neno linachelewa kufika. Mimi nilipotulia kumpisha, yeye alikuwa bado ananisubiri. Alipoingia, mimi nilikwisha kuendelea. Tulirudia mara kadhaa, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba anamfuata nyuma. Mwishowe vipande alivyoimba vilibadilika kila mara, na akakiri kwamba hajui kipi ndicho. Tukaagana.

Kwa hiyo huo wimbo haupo. Bibi aliulipia kwa maharage ya miaka mingi, na hakuna mtu duniani anayeweza kunionyesha ulikwendaje.

Jana nilikuwa nasonga ugali, mdomo ukaanza wenyewe, pu, pu-pu, puu, kama kawaida yake. Binti yangu akaacha kuosha vyombo. "Mama, huo ni wimbo gani?"

"Huo si wimbo," nikamwambia.