Wa Kunitua

Kisimani hawakosekani wa kukutwika ndoo. Nyumbani ndiko unakohitaji mtu wa kukutua, na hilo sikulifikiria hata siku moja mume wangu alipokuwa hai. Alikuwa akisikia kandambili zangu uani, anatoka, ananitua ndoo, anarudi kwenye redio yake. Sikuwahi kumshukuru. Nani anashukuru kwa jambo kama hilo?

Saratani ya titi ilinipata yeye akiwa ameshazikwa. Nilitundikiwa dripu za dawa Dar es Salaam hadi uvimbe ukanywea na nywele zikaisha, kisha wakanipasua. Waliondoa titi pamoja na tezi za kwapani, zile ambazo zikivimba tunaziita mitoki, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshapita humo. Titi nililiaga mapema. Lilinyonyesha, likamaliza kazi yake. Kwapa ndilo lililonishinda. Daktari alinieleza kwa upole kwamba mkono wa kulia usibebe vizito tena, usiungue, usikatwe, hata presha nipimwe kushoto. Nikamwambia, "Daktari, hata mgeni siku ya tatu anapewa jembe." Akacheka. Mimi sikucheka.

Binti yangu, mtoto pekee niliye naye, anaishi Nachingwea. Alinipokea stendi ya Ruangwa akitaka kunipitiliza moja kwa moja hadi kwake. "Mama, huko Mandawa utakaa na nani?" Nikamwambia nitakaa na nyumba yangu. Tukabishana mbele ya wauza karanga mpaka akachoka. "Haya," akasema, "siku utakayochota ndoo ya maji mwenyewe ukayafikisha ndani, sitakusumbua tena. Ukishindwa, nakuja kukuchukua." Nikakubali. Nilitaka nife, kama ni kufa, chini ya bati alilolipigilia baba yake.

Mwanzoni mke wa jirani aliniletea maji. Msimu wa korosho ulipoanza, watu wakahamia mashambani, nikabaki mimi na kuku. Nilifanya mazoezi kama nilivyofundishwa, nikipandisha vidole ukutani. Vilifika usawa wa sikio, vikagoma. Upweke ulinikaba hadi nikawa nazungumza na sufuria.

Asubuhi moja nikachukua ndoo kubwa. Najua ningeweza kubeba kidumu kwa mkono wa kushoto, lakini mimi ni mbishi, na ahadi ilikuwa ndoo. Kisimani niliwakuta wanawake wawili wanaokwenda shambani. Wakanipa pole, wakanitwika, wakaniambia, "Dada, umepona kabisa wewe." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikatembea polepole, ngata ikitelezateleza kwenye vinywele vyangu vipya, na kwa kweli nilifurahi. Sikumwaga hata tone.

Nikafika mlangoni. Mkono wa kushoto ukashika ukingo wa ndoo. Wa kulia ukapanda hadi sikioni, ukasimama. Nikajaribu tena, kwapa likavuta kama gauni lililoshonwa likabana. Redioni kila siku wanaahidi kumtua mama ndoo kichwani. Siku hiyo ningempokea yeyote. Nikasimama na maji yangu, shingo inatetemeka. Halafu nikasema, "Hodi." Nyumbani kwangu mwenyewe. Nikasema tena, kwa sauti zaidi, nikangoja kusikia kandambili zake.

Mwishowe nikapiga magoti ili niiteremshe. Ndoo ikaniponyoka, maji yakaingia ndani kabla yangu, yakalowesha mkeka wote. Nikakaa kizingitini, nikalia.

Jioni binti yangu akapiga simu. Nikamwambia nimechota, ndoo nzima, na maji yamefika ndani. Akauliza, "Nani alikutua, mama?"

Nikatafuta jina la kumpa.

"Njoo Ijumaa," nikamwambia.